Mdogo wangu ana mimba ya wiki 19 na bado anavuta ndom (bangi). Anasema ni dawa ya kichefuchefu

Nyar_Ahero (mwanzisha uzi)
Jumamosi, saa 3:12 usiku

Wadau, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki mbili. Leo naliweka hapa kwa sababu nyumbani haliongeleki.

Mdogo wangu ana miaka 24. Tunaishi naye hapa Manyatta, Kisumu, anauza mitumba Kibuye. Ndom alianza kidato cha tatu, mimi nikaja kujua alipohamia kwangu. Aliposhika mimba nilidhani ataacha mwenyewe, kumbe ndiyo ameongeza: msokoto mmoja asubuhi kabla ya chai, mwingine jioni akitoka soko. Nikimuuliza, ananiambia bila huo chakula hakikai tumboni. Na kweli anatapika, jamani. Anatapika mpaka kinabaki kile kimaji cha njano.

Jamaa yake ni fundi wa pikipiki Kondele na ndiye anayemletea. Ati ni mti kama miti mingine, mbona dani zetu (bibi zetu) walikunywa manyasi, zile dawa za miti, na watoto wakatoka na akili zao.

Nauliza mawili. Ubongo wa mtoto unaweza kuathirika, au ni vitisho vya wazee? Na nimwambieje bila kumfukuza? Akiondoka hapa ataenda kwa huyo fundi, na huko atavuta mara nne.

Msimtukane, tumenyonya ziwa moja.

BodaKondele
Saa 3:20 usiku

Mti kama miti mingine? Hata tumbaku ni mti.

Ras_Nyalenda
Saa 3:41 usiku

Mnaogopesha watu bure. Kuna mtafiti anaitwa Melanie Dreher, alikaa Jamaika na akina mama wanaovuta na kunywa chai ya ganja, akalinganisha watoto wao na wa wasiovuta. Siku ya tatu hakuona tofauti. Mwezi mmoja baadaye, wale wa wavutaji ndio walikuwa watulivu zaidi. Ilichapishwa 1994, tafuteni. Mbona hiyo haisomwi kliniki? Profesa Wajackoyah, mgombea urais, alipotaka kulipa deni la taifa kwa bangi mwaka 2022 mlicheka hivi hivi.

Dani_Maseno
Saa 4:02 usiku

Nyathina (mwanangu), kwanza pole. Usimgombeze asubuhi akiwa na njaa, hatasikia kitu. Muwekee kipande cha nduma baridi kando ya kitanda, akile kabla hajainuka. Tangawizi ichemshwe nyepesi, isiwe ya kuunguza koo. Na hao dani waliokunywa manyasi wa huyo fundi, mimi ni mmoja wao. Hatukuvuta bangi. Amwambie dani yake halisi aseme kama alivuta.

Msimamizi
Saa 4:10 usiku

Nimefuta majibu mawili yaliyotaja bei na mahali pa kununua. Tuendelee.

Msomi_wa_Njoro
Saa 4:55 usiku

Mimi si daktari, nasomea saikolojia huku Njoro, na hili eneo nimelisoma kwa sababu ya mradi wangu. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Ras, utafiti wa Dreher upo na hukuutia chumvi. Ila watoto waliokuwa na mama wavutaji walikuwa 24, wengine 20. Hao 24 hawajazi hata matatu mawili. Halafu mtafiti mwenyewe aliona kwamba wale wavutaji wakubwa walikuwa wanawake wenye pesa zao, waliosoma kiasi, nyumbani hawana mzigo mkubwa wa watoto wengine. Mama aliyetulia hulea mtoto aliyetulia. Bangi ilikuwepo nyumbani, lakini haikuwa peke yake.

Sasa kuna tafiti mbili zilizoanza kabla wengi wetu humu hatujazaliwa. Moja ya Ottawa, Kanada, aliianza Peter Fried mwaka 1978. Nyingine ya Pittsburgh, Marekani, ya Nancy Day, ilianza 1982. Hawa waliwafuata watoto tangu tumboni mpaka ukubwani. Walichokiona ndicho kinachonikosesha raha na majibu ya "mbona wangu alizaliwa mzima". Wengi walizaliwa wazima! Huko Ottawa hata akili ya jumla haikuonekana kushuka. Tofauti ilianza kujitokeza karibu miaka minne: kumbukumbu, na kushika mambo ya maneno. Baadaye, kwenye miaka tisa mpaka kumi na miwili, ikawa kwenye kupanga: kushika hatua tatu kichwani, kujizuia kujibu kabla ya swali kuisha. Pittsburgh wakaona utundu na kukosa umakini kwenye miaka kumi. Yaani kitu hakionekani wakati wa kubeba mtoto mgongoni. Kinaonekana akishapewa daftari.

Rotterdam, Uholanzi, wakapiga picha za ubongo za watoto wa miaka sita mpaka minane, wakakuta gamba la mbele ni nene tofauti na la wenzao. Na mwaka 2020 ukatoka uchambuzi wa watoto zaidi ya 11,000 wa Marekani, ambao kama 655 mama zao walivuta wakiwa wajawazito. Wale ambao mama aliendelea hata baada ya kujua ana mimba walikuwa na shida zaidi za umakini, za kuelewana na wenzao, na mawazo ya ajabuajabu.

Nisidanganye kwamba yote yamenyooka. Ontario, 2020, waliangalia vizazi zaidi ya nusu milioni wakaona usonji uko juu kwa watoto wa wavutaji. Mwaka 2024 utafiti mkubwa wa California ukatafuta uhusiano huohuo na usiuone. Na hao hao wa Rotterdam waligundua kwamba hata baba akivuta, mama asivute, watoto huonyesha tabia za ukorofi zaidi. Mapafu ya baba hayajaungwa na kitovu cha mtoto. Kwa hiyo sehemu fulani ya tunachoona ni nyumba, ni damu, ni maisha.

Lakini jambo moja hulisahau kila anayesema "watu wamevuta tangu zamani". Bangi iliyokamatwa Marekani mwaka 1995 ilikuwa na kilevi chake, THC, kama asilimia 4. Kufikia 2014 ilikuwa kama asilimia 12. Akina mama wa Ottawa walivuta maji ya chai ukilinganisha.

BodaKondele
Saa 5:03 usiku

Hii ya baba nayo imeniingia.

Mwalimu_Butere
Jumapili, saa 12:30 asubuhi

Nina watoto 61 darasani. Wasiotulia ni zaidi ya kumi, na mama zao wengi hata sigara hawajawahi kushika. Tusifike mahali kila mtoto mtundu mama yake ananuswa mdomo.

Mama_Gredi_Tatu
Saa 1:15 asubuhi

Nimeandika hili na kulifuta mara tatu. Niko Kakamega.

Mimba yangu ya kwanza nilivuta mpaka mwezi wa sita. Mtoto akazaliwa kilo 2.4, akalia, akanyonya, kila mtu akasema nimeponea. Alitembea wakati wake, akaongea wakati wake. Sasa yuko gredi ya tatu.

Si mjinga. Anajua pikipiki za mtaa mzima kwa mlio, anakwambia huyo ni fulani kabla hajakata kona. Lakini mtume dukani vitu viwili. Juzi nilimpa noti ya mia, nikamwambia maziwa na kiberiti. Akarudi na maziwa, chenji ameifunga kwenye ncha ya shati vizuri kabisa, fundo mbili. Kiberiti? Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekisahau. Nikamrudisha. Akaja na peremende. Nilipopaza sauti alilia, na kilio chenyewe si cha ukaidi, alikuwa kweli hajui kiberiti kimeanguka wapi kichwani mwake. Hesabu ni hivyo hivyo: ya hatua moja anapata, ya hatua tatu anaiacha katikati kama mtu aliyeitwa nje.

Nimesoma ya huyo msomi usiku, sikulala.

Lakini niseme yote. Mwaka ule nilikuwa nakunywa chang'aa kila wikendi. Siku nyingine nililala njaa. Baba yake alikuwa ananipiga. Sasa kipi kilifanya nini? Hakuna siku mtu ataniambia.

Msomi_wa_Njoro
Saa 1:40 asubuhi

Mama, asante kwa kuandika. Umeeleza kwa mtoto mmoja kile ambacho hao watafiti wanahangaika kukichambua kwa maelfu. Ila kwa hayo uliyoyataja, mimi ningeitazama chang'aa kwanza. Pombe tumboni ina ushahidi mzito kuliko bangi, na haina utata.

Mwalimu_Butere
Saa 1:52 asubuhi

Mama Gredi Tatu, nirudi kwa upole kuliko nilivyoanza. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha EARC, huko hupima watoto wa namna hiyo na kumwelekeza mwalimu. Wakati unangoja: mtume kitu kimoja. Kikiwa viwili, mchoree kwenye karatasi, pakiti na kijiti cha kiberiti. Mwambie akuimbie anachoenda kununua mpaka afike mlangoni. Kwangu darasani inasaidia. Na usimwite msahaulifu mbele ya wenzake.

Sista_wa_Zamu
Saa 3:25 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, macho yamevimba, lakini uzi huu siwezi kuupita. Mimi ni muuguzi, wodi ya wazazi, Nakuru.

Nyar Ahero, kwanza nijibu la ubongo kwa lugha ya stendi. Mtoto akiwa tumboni, seli za neva huzaliwa sehemu moja halafu husafiri kwenda zinakotakiwa kukaa. Mwili una kemikali zake zinazofanana na bangi, na kazi yao mojawapo ni kama ya makanga mzuri: anasema kwa sauti ndogo, kwa wakati wake, "wewe shuka hapa, wewe endelea mbele". Vipokezi vinavyomsikiliza huyo makanga vimeshaonekana kwenye ubongo wa mtoto kufikia wiki ya 14. Sasa THC inapanda na kipaza sauti, inatangaza stendi zote kwa pamoja. Abiria watashuka tu, gari litafika, lakini wengine wameshuka pasipo pao. Ndiyo maana mtoto anazaliwa na macho na vidole vyote na wewe unasema nimeponea.

Kondo la nyuma haliizuii. Tena THC hupenda mafuta, na ubongo una mafuta. Hukaa mwilini siku nyingi baada ya kuvuta. Hata maziwa: California mwaka 2018 walipima maziwa ya akina mama 50 waliotumia bangi, wakaikuta kwenye asilimia 63 ya sampuli, nyingine siku ya sita tangu mama atumie. Uzito wa kuzaliwa nao hushuka, na hatari ya kuzaa kabla ya wakati hupanda. Ndiyo sababu chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitoa msimamo wake 2017 kwamba aache, iwe ya kuvuta au ya kula. Wale wa biskuti na keki msijifiche hapo.

Na msimlaumu fundi wa Kondele peke yake. Huko Colorado, ambako inauzwa kwa leseni, watafiti walipigia simu maduka 400 wakijifanya mjamzito anayetapika. Asilimia 69 ya wauzaji walimshauri atumie. Waliovaa beji!

Sasa swali langu, na nijibu kabla sijalala. Huyo mdogo wako anaoga vipi?

Nyar_Ahero
Saa 3:31 asubuhi

Sista, umejuaje? Maji moto. Anaoga hata mara tano kwa siku, ya moto mpaka ngozi inawaka. Tumegombana kwa sababu ya makaa. Mkebe niliokuwa napikia siku mbili sasa unaisha kabla ya saa kumi, wote umeenda kwenye beseni lake. Anakaa bafuni anajimwagia tumboni na kikombe, polepole, anasema hapo ndipo anapata nafuu. Nikadhani ni mambo ya mimba.

Sista_wa_Zamu
Saa 3:36 asubuhi

Kabla ya mimba aliwahi kutapika hivi?

Nyar_Ahero
Saa 3:44 asubuhi

Mwaka jana, mara tatu. Mara mbili aliwekewa maji hospitalini. Waliandika vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akatoka. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ndom na yeye hakusema.

Sista_wa_Zamu
Saa 4:05 asubuhi

Basi nisikilize vizuri. Siwezi kumpima kwa simu. Lakini kuna ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe, kwa mtu aliyeivuta miaka. Madaktari wa Australia Kusini waliuelezea 2004, na kilichowafungua macho ni hicho hicho: wagonjwa walikuwa hawatoki bafuni kwenye maji moto. Bangi kidogo hutuliza kichefuchefu, bangi ya miaka mingi kwa watu fulani hugeuka ikawa ndiyo inayotapisha. Kwa mjamzito hufichwa na kichefuchefu cha mimba, na anapotapika anavuta zaidi kwa sababu anaamini ndiyo dawa. Unaona anavyozunguka mle mle?

Kinachoutibu ni kuacha. Si kupunguza.

Mpeleke kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu. Akishindwa kushika hata maji, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi au usipatikane, mpeleke siku hiyo hiyo, hata usiku. Amwambie sista neno "bangi" kwa mdomo wake. Kuna dawa za kichefuchefu zinazofaa mimba, kuanzia vitamini B6, lakini wakitibu mimba peke yake mtarudi pale pale. Siku za kwanza atakuwa mkali, hatalala, hatataka kula. Hiyo ni kawaida na hupita, nyingi ni wiki moja mpaka mbili. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, wanaongea na mtu bila kumhukumu.

Anaogopa polisi? Miaka yangu yote wodini sijaona mjamzito akikamatwa kwa alichomwambia muuguzi. Nimeona waliodharauliwa, hilo sikatai, na wenzangu wanaofanya hivyo wananiudhi. Akikutana na wa hivyo, aulizie mwingine.

Ras_Nyalenda
Saa 4:30 asubuhi

Mimi sikusema mjamzito avute. Nilisema msiogopeshe watu.

BodaKondele
Saa 4:32 asubuhi

Ulisema. Pandisha juu usome.

Ras_Nyalenda
Saa 4:50 asubuhi

Sawa. Hii ya maji moto sikuwa naijua. Nina rafiki anaoga hivyo.

Dani_Maseno
Saa 5:15 asubuhi

Huyo fundi aitwe nyumbani. Si kwa kelele. Apewe chai, aelezwe. Wanaume wengi hawajui kitu kuhusu mimba, wanajua tu walivyoambiwa gereji.

Nyar_Ahero (mwanzisha uzi)
Jumapili, wiki tatu baadaye, saa 2:20 usiku

Wadau, naleta mrejesho, maana inbox imejaa.

Nilimwonyesha uzi. Nilidhani atakasirika kwamba nimemwanika. Alisoma kimya, alipofika kwa Mama Gredi Tatu akarudia hadithi ya kiberiti mara mbili, halafu akaniuliza, "Mbona hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu maji moto?" Hiyo ndiyo iliyomgusa. Ya ubongo aliisikia, lakini ya beseni ilikuwa yake mwenyewe.

Kliniki tulikwenda Jumanne. Alitaka lisiandikwe kwenye kitabu, kwa sababu mama mkwe hukifungua. Sista wa pale, mtu mzima, akasema ataandika kwenye faili lao na kitabuni ataacha kutapika tu. Akapewa dawa, akapimwa damu, imepungua, kwa hiyo vidonge vya chuma na foliki hakuna kuruka. Moyo wa mtoto tuliusikia. Kama mtoto ataathirika au la, sista alisema hakuna kipimo cha kutuambia leo, ila kila wiki anayokaa bila hiyo kitu ni wiki ya mtoto.

Siku nne za kwanza zilikuwa vita. Hakulala, mimi sikulala. Siku ya tatu alitoka saa tano usiku akasema anaenda Kondele, nikakaa mlangoni nikamwambia apite juu yangu. Akakaa chini kando yangu tukalia kama watoto. Fundi naye aliitwa, alikunywa chai, alisema hakujua. Sijui kama ameacha yeye, lakini haleti tena, na akija anaoga kwanza.

Kutapika kulikatika siku ya kumi na moja. Nahesabu kwa makaa: mkebe umerudi siku mbili.

Ni mara mbili tu amesema anaitamani, mara zote Jumapili jioni akitoka Kibuye amechoka. Leo ni Jumapili. Ameniambia nimuulize Dani: omena anaweza kula? Harufu yake ndiyo iliyokuwa inamwanzishia kutapika, na leo amepita kwa wauzaji akasimama mwenyewe, akanunua.

Dani_Maseno
Saa 2:41 usiku

Ale, na vichwa vyake. Aoshe kwa maji moto mara tatu, akaange ikauke, nyanya nyingi. Makaa si yapo.